Vitabu Kumi na Viwili

Jumamosi jioni Arlys hufungua kanisa kwa bega,
maana baridi ya Saskatchewan imeukaza mlango.
Huwasha jiko. Hupanga vitabu vya nyimbo: kumi na viwili.
Waumini tumebaki tisa.
Vile vitatu huviweka vilevile,
kimoja dirishani, pa Torvald,
kurasa zake bado zanuka tumbaku.

Mchungaji ana makanisa matatu na gari moja bovu.
Kesho akichelewa, kama ada yake,
Arlys atasoma zaburi,
Lindqvist atakohoa kila penye nukta,
supu ya viazi itachemka kabla ya ungamo.

Halafu ataingia, miwani imejaa ukungu,
haoni mtu,
aseme, "Bwana awe nanyi."
Tutamjibu, sisi tisa,
kwa sauti ya watu kumi na wawili,
na supu itafurika.