Bushi za Shaba

Baba alianza kuikosa gia ya tatu mwezi wa Juni,
baridi ya Durazno ilipokuwa bado changa.
Aliitafuta kama mtu anayepapasa swichi ya taa
katika nyumba aliyokwisha kuiuza.

Mwalimu wa udereva, miaka thelathini na minane.
Nusu ya mji huu imejifunza klachi ikisikia kikohozi chake:
mfamasia, watawa wawili, hakimu aliyegonga lango la makaburi,
mimi.
"Gia haiburutwi," alitufunza, "gia hualikwa."
Sasa alikuwa akialika mwenyewe, na hakuna aliyeitika.

Wenzo ulicheza kama mwiko ndani ya uji mwepesi.
Ya kwanza ilikuwa mahali fulani karibu na goti la abiria,
ya pili ilitegemea hali ya hewa,
ya kurudi nyuma, tulishukuru ikitokea.
Na kila akikosea aliutazama mkono wake,
si wenzo, mkono,
kisha akauficha mfukoni
kama mtoto aliyevunja kikombe cha wageni.

Jumapili nikaiinua Fiati kwa jeki,
nikajilaza juu ya gunia la sufu, kurunzi nimeibana kwa meno.
Huko chini mambo hayana adabu:
tope la miaka, grisi iliyogeuka lami,
na fito mbili nyembamba zinazobeba neno la mkono
kutoka kitini hadi kwenye giaboksi.
Pale neno linapohama fito
palipaswa kuwa na bushi.
Nilikuta makombo. Plastiki ya manjano, imepasuka kama ukucha mkavu;
tundu lililokuwa duara limekuwa yai.

Nilicheka peke yangu hadi vumbi likaniingia kinywani.
Si mkono! Si mkono, Baba!
Ni kiplastiki cha bei ya mkate!

Dukani walikuwa nazo zile zile za plastiki. Sikuzitaka.
Nilikwenda kwa Wáshington Umpiérrez, mkereza vyuma,
nikamwekea makombo mezani.
Akakereza nne, za shaba, akakataa pesa.
"Baba yako," alisema,
"ndiye aliyenifundisha kurudi nyuma bila kuomba radhi."
Nilizibeba kiganjani zikiwa na joto,
kama njugu zilizotoka kikaangoni.

Kuzitia kulikula mchana wote na ngozi ya vifundo viwili.
Ya nne iligoma. Nikaipiga tupa, nikaipaka grisi,
nikaitukana, nikaibembeleza,
ikaingia kwa mlio mdogo, tk,
kama ulimi wa mtu aliyeshindwa hoja.

Jumatatu tukashika njia ya daraja la mto Yí.
Ya kwanza, tak. Ya pili, tak.
Wenzo sasa una mipaka, una kuta, una milango.
Baba akatabasamu na masharubu yake yote.
Tulipokaribia daraja akaitafuta ya tatu,
na mkono ukatetemeka, ukaupita mlango,
ukasimama nje kama mgeni aliyesahau jina la mwenyeji.
Gia zikasaga.

Shaba haina huruma.
Ule ulegevu ulikuwa ukimsitiri,
nami nimeuondoa kwa spana namba kumi na tatu.

Akaegesha pembeni. Injini ikanguruma bila kazi.
Mkono haukwenda mfukoni safari hii;
aliuacha pale juu ya wenzo, ukitetemeka mbele ya macho yetu wawili.
"Basi ni mimi," alisema.
Ng'ombe watatu walitutazama kupitia seng'enge.

Kisha: "Weka wako juu yake."
Nikauweka, kama yeye alivyouweka wake juu ya wangu
nilipokuwa na miaka kumi na sita na hofu ya klachi.
Ya tatu ikaingia.

Tulivuka daraja kimya. Ng'ambo akakohoa.
"Shaba hulia ikikauka. Grisi kila baada ya miezi sita.
Andika mahali," akasema. "Mimi nitasahau."