Nipe Mji

Mtaa unaitwa Ghala, na kweli tuliweka akiba:
ghorofa ya pili, juu ya duka la matairi,
miaka mitatu tukijenga mji wa udongo
kwa kompyuta sita na kiyoyozi kimoja kinachokohoa.

Azani alichora milango mia mbili na kumi na miwili,
hakuna uliofanana na mwenzake. Nilimwambia
mchezaji atapita mbio, hatautazama hata mmoja.
Akanijibu bila kuinua kichwa:
"Seremala naye hakujua nani atapita."

Mundhiri alipewa maji.
Miezi minne, maji tu:
yanavyosita kwenye lango la falaji, yanavyopinda,
yanavyolizungusha ua la mndimu kabla ya kulichukua.
Kila Ijumaa alikwenda Birkat al-Mawz,
akakaa ukingoni na saa mkononi kama mwenye zamu,
akarudi suruali imelowa magotini.

Mimi niliandika maneno.
Kwa Kiarabu, kisha, kwa ukaidi wangu, kwa Kiswahili,
lugha ambayo nyumbani kwetu Al-Khoud
ni ya kuombea chumvi, ya kugombania,
na ya kuwasengenya wageni wakiwa wamekaa.

Langoni nilimweka mtoto.
Sauti niliazima kwa Thuwaiba, binti wa dada yangu,
miaka saba, meno mawili ya mbele hayapo.
Tulimrekodi ndani ya kabati, katikati ya kanzu za baba yake.
"Kitendawili!"
Nawe unabonyeza: Tega.
"Hupita kwa kila jirani, wala habishi hodi."
Ukijua, lango linainuka, maji yanaingia shambani.
Usipojua, anasubiri. Sekunde ishirini. Halafu:
"Umethindwa? Nipe mji."
Unafungua ramani, unachagua
mmoja katika miji uliyoihangaikia,
unampa, unafutika.

Barua ilikuja Jumapili, saa tatu asubuhi,
kutoka kwa wenye fedha, Doha.
Mistari mitano. *Umesitishwa*,
kana kwamba tulikuwa tukitembea
tukaombwa tusimame kidogo.
Hakuna aliyelia.
Azani aliuliza kama kiti ni chake au cha kampuni.
Cha kampuni.

Imebaki video ya dakika moja na sekunde arubaini.
Kijana wa duka la simu, Seeb,
alisoma jina langu kwenye risiti, macho yakamtoka:
"Itatoka lini?"
Nikasema nina haraka.

Mundhiri yuko benki siku hizi. Bado husema *ingetoka*:
tukipata mtu, wallahi, ingetoka mwakani.
Mimi nimekwisha hamia kwenye *ngali*.
Ingalitoka.
Silabi moja tu imezidi,
lakini mlango wake hufungwa kwa nje.

Jana usiku Thuwaiba alilala kwetu,
kumi na tatu sasa, meno yote, ulimi mkali.
Alipozima taa niliwasha kompyuta ya zamani.
Huchukua dakika kumi na moja kuamka.
Mji ukaja. Jua limesimama palepale
tuliposahau kulisogeza.
Nikashuka vichochoroni, nikatazama milango
mmoja mmoja, kama mtu anayelipa deni.
Nilifika wa sitini, macho yakachoka.

Kisha langoni.
"Kitendawili!"
Tega.
Jibu lilikuwa kidoleni. Nikaziacha sekunde zipite.
"Umethindwa? Nipe mji."
Ramani ilikuwa na mji mmoja.
Nikampa.

Aliyepewa mji hueleza safari yake:
nilikwenda, nilikwenda, hata nikafika...
Akafumbua mdomo, pengo likaonekana,
midomo ikacheza,
kimya.

Kipande hicho
tulipanga kukirekodi Jumatatu.