Mpaka King'ae

Injendi haanzi na nyundo.
Anagonga kwa kifundo cha kidole,
sikio kalitega, mdomo kaubana,
kutoka boneti kushuka hadi chini ya mlango,
kama mama alivyogonga vifua vya watoto
kule zahanati, Shinyalu,
akitafuta palipojaa maji.

Ko, ko, ko. Hapa kuzima.
Ko, ko. Hapa pia.
Pu.
"Hapa," anasema, "ni rangi tu inajishikilia."

Datsani hii ina miaka arobaini na mmoja.
Mimi ninayo arobaini, na nusura nizaliwe ndani yake,
karibu na daraja la Isiukhu,
maana aliyekuwa dereva na aliyekuwa na uchungu
walikuwa mtu mmoja.

Anachora kwa chaki
kuzunguka tundu lisilozidi ukucha.
Anakwangua kwa burashi ya waya,
kutu inadondoka kama majani ya chai.
Anaufuta mstari kwa kiganja, anachora mwingine,
mpana kama sahani.
Anakwangua. Anafuta. Anachora.
Sasa ni sinia.
Namuuliza, tutakoma wapi?
"Chuma hakishiki juu ya kutu, dada.
Tunakata mpaka king'ae."

Najua methali anayoimeza, ile ya ufa na ukuta.
Lakini kwa mvua hii ya Kakamega,
iingiayo kazini saa tisa alasiri na haiombi likizo,
nani alipata nafasi ya kuziba?
Mama alikuwa na wajawazito watatu Lubao,
mmoja Ileho, njia imekatika,
na petroli ya kukopa.
Kila Desemba alilala chali chini ya gari,
akalipaka oili chafu kwa kitambaa,
akaliambia: kunywa, na wewe unyamaze.

Nakumbuka tundu la sakafuni, upande wangu.
Nilikuwa darasa la pili. Barabara ilipita
katikati ya viatu vyangu:
kokoto, kokoto, dimbwi, ganda la muwa,
na mara moja jongoo, mzima, hana habari.
Nilidhani magari yote yana dirisha la miguu.
Asubuhi moja nikakuta limezibwa.
Nililia hadi shuleni.

Grainda inapiga kelele, cheche zinamrukia Injendi
kwenye aproni yenye matundu ya cheche za jana.
Zulia limeng'olewa, lami kuukuu imebanduliwa.
Ghafla anazima mashine.
"Nani alifanya hii kazi?"

Ni bati la mkebe wa mafuta ya kupikia,
limenyooshwa, limepigwa ripiti sita, zote zimepinda,
kingo zimefungwa kwa plasta ya serikali.
Ua la njano bado linaonekana, nusu yake.
Kuume kutu imekula, kushoto imekula,
lenyewe imelizunguka tu.

Liache, nasema.
Ananitazama, hacheki.
"Litashika wapi? Halina jirani mzima."

Analitoa kwa bisibisi, ripiti moja moja,
analiweka juu ya tairi.
Mimi najitia kusoma nambari ya simu
iliyoandikwa ukutani kwa mkaa.

Saa nane na nusu bati jipya limekaa,
geji kumi na nane, linang'aa bila haya,
mshono wa moto umelizunguka kama kovu la upasuaji.
Mawingu yanajikusanya upande wa msituni.
Injendi anatafuta mkebe wa kukorogea rangi ya msingi,
haoni, anageuka huku na huku,
analichukua lile la mama, anakunja kingo, anamimina,
anakoroga kwa kijiti.
Hakuniuliza.
Wekundu wa udongo unalipanda ua la njano,
na mimi sijasema neno.

Matone ya kwanza.
Tunakimbilia turubai, kila mtu pembe mbili,
tunalitandaza juu ya rangi mbichi.
Itadumu?
"Miaka mitano," anasema kwa sauti, mvua imepamba moto.
"Minne, kama bado utapita Ileho."
Bado nitapita Ileho.
Maji yanatuama katikati, turubai linalegea kama tumbo,
mikono yangu inatetemeka.
"Inua kwako kidogo!"
Nainua. Yanamwagika yote kwa pamoja
kwenye gari la mtu mwingine.