Ushuru wa Kigombe

Mkonge umesimama mistari mistari
kutoka Tongoni hadi macho yanapochoka.
Hema nimelifunga kitini kwa mpira wa baiskeli,
sufuria inagonga birika, ngo, ngo,
kama mgeni asiyejua kuondoka.

Nilisimama kukaza mnyororo tu.
Wakatoka kivulini wawili,
mmoja na fimbo, mmoja anatafuna mirungi.
"Salama, dada? Mumeo yuko nyuma?"
Nikasema yuko nyuma.
Nyuma kulikuwa na barabara.

Mwenye fimbo akachomoa ufunguo,
taratibu, kama achumaye papai la kwao,
akauning'iniza kidoleni.
"Njia hii ina ushuru wake."

Elfu kumi.
Na chupa ya maji.
Na tochi aliyonipa Mwanahamisi
tulipomaliza zamu ya mwisho wodini.
Nikatoa vyote, nikasema asante.

Asante!
Kidonda ni hicho. Pesa nitapata nyingine.

Usiku nikapika wali bila tochi, ukaungua,
nikaula hivyo hivyo, ukoko na hasira.
Spana namba kumi na nne chini ya mto.
Kaa wakikwangua turubai
nikawasomea, kwa sauti,
majibu yote niliyopaswa kuyatoa mchana.
Walisikiliza vizuri. Mmoja alikimbia.

Alfajiri, kiki moja, ikawaka.
Pangani bado mbali kidogo.
Ufunguo una joto la mfuko wangu sasa,
nami bado naufuta,
naufuta kwa pindo la kanga.