Mshika Kitambaa

Mwalimu anataka nyuso kumi na mbili.
Ninazo kumi na moja, zote zimekauka
kama dagaa kwenye mchanga wa Igombe:
macho yapo, samaki hayupo.

Jumamosi namsaidia binamu Masalu
kibandani Kirumba, njia ya Mwaloni.
Picha za pasipoti, nne kwa elfu tatu.
Mteja anakaa kwenye stuli,
na yeyote aliye jirani
anamshikia kitambaa cha buluu mgongoni.
Upepo wa ziwa haukipendi kitambaa.
"Kaza!" Masalu anafoka. "Kaza mikono!"

Jioni nafagia alichokata mkasi.
Pembe, pembe tupu,
na kila pembe ina vidole:
vya Kwandu muuza mabondo, magamba kwenye kucha;
gumba la mtoto aliyemsindikiza mama kuomba mkopo;
rangi nyekundu ya mtu nisiyemjua;
kiwiko.
Hiki kiwiko ni changu.

Nikasimama na ufagio wangu.
Muhula mzima natafuta uso,
kumbe watu walikuwa huko nyuma, mikono juu,
wakimsitiria mwenzao ukuta uliobanduka.

Jumatatu nikamwambia Kwandu, leo nakupiga wewe.
Akanawa. Akakiendea kitambaa, kama kawaida.
"Anakaa nani?"
"Hakuna. Wewe shika tu."
"Picha ya bure hiyo, au ya wazimu?"
Lakini akashika, akakaza,
akaitazama stuli tupu
jinsi mtu anavyomtazama ndugu
anayekaribia kuitwa jina.

Upepo ukaja.
Sikumwambia akaze.