Nafsi ya Pili

Mchezo niliuandika kwa "u" tupu:
unafungua mlango, unashuka ngazi za ghorofa Kariakoo,
saa nane usiku, umeme umekatika.
Sikuuliza u mume au u mke.
Lugha yetu haidai.

Nyamizi akaujaribu kwake Sinza,
kikombe cha tangawizi pembeni ya kompyuta.
Akafika kwa mlinzi. "Pita, mkubwa."
Akacheka mpaka akapaliwa.
"Mlinzi gani huyu? Saa nane, mimi,
haulizi natoka kwa nani?"

Nikaongeza swali mwanzoni.
Akalifuta.
"Usinikague mlangoni kama karani wa vitambulisho.
Acha mji wenyewe uulize."

Basi sasa tochi ya mlinzi inaanzia miguuni,
inapanda polepole.
Muuza kahawa anasita kabla hajakuita.
Na mwishoni kabisa shangazi anapiga simu kutoka Igunga:
"Na wewe, mwanangu, lini unao—"

Hapo maandishi yanasimama. Kishale kinapepesa.
Malizia mwenyewe: *a*, au *lewa*.

Chai inapoa.
Nyamizi akaandika: kata simu.

Amri hiyo sikuiandalia jibu.
Mchezo ukasema: Sielewi.

Akaisoma kwa sauti, akibadili herufi moja tu:
"Siolewi."