Jicho Livikwalo Pete

Walinena wahenga: chanda chema huvikwa pete.
Jicho bovu hawakulitaja.

Mimi mshona viua, Wete, mtaa wa Limbani,
kofia moja miezi mitatu,
kitundu kwa kitundu, uzi ukizunguka
hadi kitambaa kikaze, kisimame,
kishike umbo la kichwa cha mtu.
Kisha nikaanza kukosa vitundu.
Sindano moja naziona nne,
ya kweli ipi sijui,
nadunga ya tatu, kidole kinatoka damu
na kofia nyeupe ya bwana harusi inaingia doa.

Nikasema usingizi. Nikasema uzee,
nami nina miaka ishirini na sita.
Mama akasema hasadi, akanipa kombe.
Nikanywa. Nikafikicha macho.
Tangu skuli nayafikicha,
karafuu zikianikwa na vumbi lake,
nafikicha mpaka nione nyota mchana.

Usiku wa mwezi muandamo tukasimama uwanjani.
Kaka yangu Mbarouk akanyoosha kidole: umeuona?
Nimeiona, nikasema. Mitano.
Wakacheka. Mmoja akauliza:
basi tufunge kwa mwezi upi?
Nikacheka nao, upindo wa buibui mdomoni.
Ningefanyaje?

Unguja, Daktari Zuwena Khelef
akaniweka kidevu juu ya chuma,
akaniangazia duara za mwanga, duara ndani ya duara,
akanionesha jicho langu kama ramani ya nchi nisiyoijua,
jekundu upande wa chini.
"Kioo cha mbele kimekonda," akasema, "kimechongoka.
Kingekuwa mgongo wa kijiko. Kimekuwa pia ya watoto.
Tutakitia pete, nusu mbili,
miandamo miwili ikitazamana.
Haiponyi. Inakaza."

Haiponyi, inakaza.
Kazi hiyo naijua.

Matone. Kibanio, nisipepese.
Sikulazwa usingizi: nilikuwa macho
kwa jicho lile lile lililokuwa likipasuliwa.
Taa ilikuwa taa, kisha ikawa maji.
Hapakuuma. Palisukumwa,
kama uzi mnene unavyopenya ndani ya upindo
bila kutokeza juu.
Nikasoma Ayatul Kursiy, nikakosea, nikarudia, nikakosea pale pale,
na daktari, mkono wake hautikisiki,
akanisahihisha.

Mama akauliza: pete yenyewe dhahabu?
Plastiki, mama.
Akashika kiuno.
Mikarafuu mitatu nimeweka rehani,
kwa plastiki!
Akanitazama jichoni kwa karibu, karibu sana,
akitafuta mali yake.
Akaiona, kijistari kama ukucha wa mtoto mchanga.
"Mbona ndogo," akasema,
akanifuta chozi kwa ncha ya kanga,
polepole, asiiguse.

Sasa nina miwani, na jicho la pili linangoja zamu yake.
Taa za usiku bado zina ndevu.
Lakini sindano ni moja, na kivuli chake,
na kivuli nimeshajua hakidungi.
Lile doa nililizungushia kiua,
kimoja kisichokuwamo kwenye mchoro.
Bwana harusi aliivaa, akaoa, hana habari.

Mwezi wa mwaka huu niliuona kabla ya Mbarouk.
Mmoja, nikamwambia.
Wa pili ulikuwapo, ubavuni, mwembamba mno.
Huo sikumtajia mtu.